Zugspitze kwa siku moja kwa miguu kupitia Reintal: mpango huu hapa, utoboeni matundu

MtuWaMarangu

Wakuu, heshima mbele.

Kila majira ya joto kwenye magrupu yetu ya Wabongo wa Bavaria anaibuka mtu na picha ya ule msalaba wa dhahabu, chini kaandika "nimeupanda mlima mrefu kuliko yote Ujerumani". Ukimdodosa, kumbe kapanda gari la kebo kwa dakika kumi, kala soseji, kashuka. Sina ugomvi naye, hela ni yake. Ila sisi wachache hapa München tumeafikiana kwamba mwaka huu tunaupanda kwa miguu, kutoka chini kabisa, ndani ya siku moja. Kazi ya kupanga imeniangukia mimi. Nauleta mpango hapa mapema ili mnikosoe tungali nyumbani.

Kwa wasioujua: Zugspitze una mita 2,962, uko mpakani mwa Ujerumani na Austria, juu ya mji wa Garmisch-Partenkirchen. Ukiulinganisha na Kibo mwenye 5,895 utacheka. Usicheke. Kule Marangu siku ya kwanza unatoka getini hadi Mandara, chini ya mita 900 za kupanda, begi lako kabeba mgumu (mpagazi), ukifika unakuta chai na bisi. Huku tunaanza kwenye uwanja wa ski wa Olimpiki, kama mita 730, tunamaliza 2,962. Ni zaidi ya mita 2,200 za kupanda kwa siku moja, kilomita kama 21, na mgumu ni wewe mwenyewe.

Njia niliyochagua ni ya Reintal. Ndiyo ndefu kuliko zote, lakini ndiyo isiyodai ufundi wa kukwea hadi pale mwishoni kabisa. Ndiyo pia waliyopita Luteni Josef Naus na wenzake Agosti 27, 1820, watu wa kwanza kuandikwa kwamba walifika kileleni. Naus alikuwa mpimaji ramani wa jeshi la Bavaria, hakwenda kutalii.

Mpangilio wake ni huu: korongo la Partnach, msitu, Bockhütte (mita 1,052; Hütte ni kibanda cha wapanda mlima), kisha bonde linafunguka na unafuata mto hadi Reintalangerhütte (kama 1,370). Hapo ndipo mlima unapoanza kwa dhati. Unapanda hadi Knorrhütte (karibu 2,050), unavuka uwanda wa mawe wa Zugspitzplatt hadi stesheni ya treni ya meno, ile inayopanda kwa kushika reli yenye meno (karibu 2,580), halafu mteremko wa kokoto legevu, halafu ukingo wenye nyaya za chuma, kilele. Kushuka ni kwa treni ya meno au gari la kebo.

Sasa hesabu. Kanuni wanayotumia Wajerumani ni mita 300 za kupanda kwa saa moja, mita 500 za kushuka kwa saa moja, kilomita 4 za mlalo kwa saa moja. Unapiga ya wima kivyake na ya mlalo kivyake, unachukua iliyo kubwa, unaiongezea nusu ya ile ndogo. Kwetu wima ni kama saa saba na nusu, mlalo saa tano na robo. Jumla saa kumi. Saa kumi kavu, bila kula, bila kukojoa, bila picha.

Ndiyo maana sijaanza kupanga na saa ya kuondoka. Nimeanza na saa ya mwisho ya kushuka, ambayo huko juu ni mida ya saa kumi na kitu alasiri, nikarudi nyuma. Tukiondoka saa kumi na moja alfajiri, kwa mwendo wa kanuni, tukapumzika kwa jumla saa moja tu, tunafika kileleni saa kumi. Inabana mno. Kwa hiyo nimeweka mageti mawili. Asiyefika Knorrhütte saa sita na nusu mchana, kilele kwake kimefutwa, anaendelea polepole hadi kwenye treni au anageuka. Na kutoka stesheni ya juu hakuna anayeugusa ukingo wa mwisho baada ya saa nane na nusu, hata awe mzima kama farasi, hata kilele kiwe kinaonekana.

Tarehe ni kati ya katikati ya Julai na mwisho wa Agosti. Haya, nyundo mkononi.


Bint_Tanga

Nimeweka kambi hapa. Swali la mshamba: kwa nini tusilale njiani tukamaliza kesho yake? Si kuna vibanda vya kulala umevitaja?


MtuWaMarangu

Bint_Tanga, si ushamba hata kidogo, wengi ndivyo wanavyofanya, tena kulala Reintalangerhütte ni raha. Ila vitanda vya Jumamosi za Julai na Agosti vinakwisha mapema sana, na sisi wengi tuna zamu, hatupati siku mbili mfululizo. Ukiwa na siku mbili, chukua siku mbili, uzi huu haukuhusu.


FundiSaa_Zürich

Mkuu salaam kutoka upande wa pili wa milima. Hesabu zako nimezikagua, ziko sawa. Geti la saa nane na nusu ndilo linanipa shaka, nalo silipingi kwa ajili ya treni. Napinga kwa ajili ya radi. Milima hii ikipata joto asubuhi, mchana mawingu yanasimama kama ukuta, na kuanzia saa nane hivi unaanza kusikia ngurumo. Ukiwa kwenye ukingo umeshika waya wa chuma mita mia kadhaa, wewe na mlima mmekuwa saketi moja. Ningerudisha mpango wote nyuma kwa saa mbili. Ondokeni saa tisa usiku na taa za kichwani. Sehemu ya kwanza ni barabara ya msituni, mchana hamkosi kitu cha maana pale.


MtuWaMarangu

FundiSaa_Zürich, hii nimeinunua. Saa tisa usiku. Inamaanisha tunalala Garmisch, maana treni ya kwanza ya alfajiri kutoka München haitufai.

Nimegundua jambo jingine: korongo la Partnach lina geti na saa zake, usiku huo hakuna wa kukukatia tiketi. Tutapita juu kwa Partnachalm. Inaongeza kupanda kidogo na kushuka kidogo. Inauma kulikosa, lina urefu wa mita 700 hivi na kuta zake zinapita mita 80 kwenda juu, lakini litatusubiri siku nyingine.


Msee_wa_Ngong

Niaje wasee. Mimi niko Stuttgart, na nyumbani nilikuwa wa vile vikundi vya kupanda kila Jumamosi, Longonot, Elephant Hill, Kilimambogo, zote. Nauliza bila kuringa: mtu aliyezoea Elephant Hill anaiweza hii? Pale kuna mahali tunaita Point of Despair na si jina la mzaha, watu hulia pale.


Mzee_wa_Innsbruck

Msee_wa_Ngong, kijana wangu, pumzi unayo. Tena mtu wa Aberdare amezoea kuvuta hewa nyepesi kuliko ya huku. Kinachokupungukia hapa ni magoti na macho.

Macho kwanza. Njia za Alps zina rangi. Tyrol (jimbo la Austria) na Bavaria kibao chenye doa jekundu ni njia ya wastani, cheusi ni ngumu: nyembamba, wima, pengine kuna sehemu ya kushika nyaya, na ukiteleza huokotwi palepale ulipoangukia. Uswisi wana mfumo wao: manjano ni ya matembezi, nyeupe-nyekundu-nyeupe ni ya milimani, nyeupe-buluu-nyeupe ni ya wazoefu. Na wana daraja za T1 hadi T6. Huko Kenya ugumu wenu ni matope, mwinuko na baridi. Huku mtu mwenye mapafu ya simba anafika mahali penye upana wa viatu viwili, kushoto mwamba, kulia hewa, magoti yanaanza kucheza yenyewe. Hilo ulijue kabla, kwenye mlima mdogo, siyo mita 2,900 watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yako.

Magoti ni ya kushuka. Msijidanganye kurudi kwa miguu siku hiyohiyo.


Msee_wa_Ngong

Shukran mzee. Na hiyo ya kurudi kwa miguu ndiyo nilikuwa nataka kuuliza, manake kushuka na treni naona ni kama kudanganya.


MtuWaMarangu

Haya tupige. Kushuka mita 2,232 kwa mita 500 kwa saa ni karibu saa nne na nusu. Mlalo ni uleule, saa tano na robo. Chukua kubwa ongeza nusu ya ndogo: saa saba na nusu. Jumlisha na kumi za kupanda, saa kumi na saba na nusu, bado hujala. Anayetaka asitumie treni simzuii, ila asiwe kwenye kundi langu.

Tiketi ya kushuka si bei ya daladala, na ile tiketi yetu ya mwezi ya treni za mikoa usiitegemee kwa mlimani. Kila mtu aweke hela yake pembeni. Vilevile beba noti na sarafu kwa ajili ya vibanda, kadi usiitegemee.


K9_Mbeya

Mbona mnazunguka mbuyu? Pitieni Höllental, ni fupi, ni tamu, kuna barafu halisi, kuna ngazi za chuma, kuna kila kitu. Reintal ni ya wazee, unatembea barabarani nusu siku.


Mzee_wa_Innsbruck

Mzee nimesikia jina langu.

Höllental ni nzuri kweli, nami siwezi kuibeza. Lakini tuiseme yote. Unaanza Hammersbach, unapita korongo, unafika Höllentalangerhütte, mita 1,387. Baada ya hapo kuna mahali panaitwa Leiter, vyuma vimepigiliwa kwenye ukuta wa mwamba, unapanda. Kisha panaitwa Brett, vyuma vya kukanyagia vimechomoza kwenye mwamba laini, unapita kwa upande, chini ya kisigino hakuna kitu. Kisha barafu ya Höllentalferner, ambayo unaivuka ukiwa na vyuma vya meno viatuni. Barafu inapokutana na mwamba kuna ufa, na ufa huo kila majira ya joto yakisogea unapanuka na mwamba wa kuanzia unabaki juu zaidi. Mwezi Agosti mwishoni watu wazima nimewaona wamesimama mbele ya ufa ule hawaendi wala hawarudi. Ukiuvuka, zimebaki mita mia kadhaa za nyaya hadi kileleni.

Unahitaji mkanda wa kiunoni na kamba zake mbili za kujifungia kwenye waya, helmeti, vyuma vya barafu, na mtu wa kukufundisha kabla. K9_Mbeya, kama unavyo vyote, nenda, nakutakia heri. Mwenye uzi kasema kundi lake halina wakwezi.


K9_Mbeya

Vyote ninavyo mzee, ila umenifunga mdomo kwa adabu. Yaishe.


Nyota_ya_Goma

Jambo wote. Mimi niko Grenoble, ila nilikulia chini ya Nyiragongo. Kule mtu akipanda alikuwa analala juu kwenye mdomo wa volkano, hakukuwa na haraka, askari wa mbuga alikuwa mbele na nyuma. Nilipofika huku kitu kilichonishangaza ni kwamba hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Hakuna geti la kujiandikisha, hakuna kitabu cha kutia sahihi unapoingia. Unapotea kimya kimya. Basi kwenye mpango wenu sijaona mtu anayebaki chini. Nani anajua mko wapi, na akikosa habari hadi saa ngapi apige simu?


MtuWaMarangu

Nyota_ya_Goma, ubarikiwe, hilo nililiacha kabisa.

Ntafanya hivi: dada yangu yuko Augsburg, nitamwachia majina ya wote, njia, rangi ya makoti, na saa. Nikiwa Reintalangerhütte natuma ujumbe, Knorrhütte natuma, stesheni ya juu natuma. Asipopata chochote hadi saa moja jioni anapiga 112, namba ya dharura. Kule bondeni mtandao unakatika, kwa hiyo ukimya wa asubuhi asiuogope.

Kila mtu apakue ramani kwenye simu iwe inafunguka bila intaneti, nami nitabeba ya karatasi ya Alpenverein (chama cha wapanda milima), 4/2 Wetterstein Mitte, ya 1:25,000. Betri ikifa kwa baridi karatasi haijui.


FundiSaa_Zürich

Ongezea programu ya SOS EU Alp kwenye simu. Inafanya kazi Bavaria, Tyrol na Tyrol Kusini, ukibonyeza inapeleka mahali ulipo moja kwa moja kwa waokoaji. Uswisi ni waokoaji wa Rega, namba 1414. Na kama simu imekufa: ishara sita kwa dakika moja, filimbi au tochi au kupunga nguo, nyamaza dakika moja, rudia. Ukijibiwa utapata tatu kwa dakika. Hii ndiyo ishara ya Alps nzima.

Pia bima. Helikopta ikija, bili inaweza kuja nayo, na bima ya kawaida ya afya haibebi kila safari ya uokoaji. Uanachama wa chama cha wapanda milima, Alpenverein, una bima ya uokoaji ndani yake na punguzo la kulala kwenye vibanda. Kwa anayekwenda mara kwa mara hiyo ada inajilipa.


Bint_Tanga

Sasa mnanitisha. Kuna mtu wa kunieleza nivae nini? Julai huku mjini natoka na gauni jepesi nikiwa natoka jasho.


Mzee_wa_Innsbruck

Bint_Tanga, njoo nikueleze kwa kisa ambacho huku kila mpanda mlima anakijua.

Julai 13, 2008 kulikuwa na mashindano ya mbio za kuupanda huu huu Zugspitze, kuanzia Ehrwald upande wa Austria. Ni watu wa mazoezi, wengi kaptura na fulana. Chini ilikuwa mvua, juu ikageuka theluji na upepo. Wakimbiaji wawili walikufa kwa baridi kule juu, wengine wakapelekwa hospitali. Mwezi wa saba. Watu wenye mapafu kutuzidi sisi sote tunaoandika hapa.

Kwa kila mita 100 unazopanda hewa inapoa kama nyuzi 0.65. Garmisch ikiwa 26, kileleni ni 11 hivi, na hapo hujahesabu upepo wala jasho lililolowa mgongoni. Basi fulana isiyo ya pamba, maana pamba ikilowa inakukalia mwilini hadi jioni. Sweta jepesi la joto. Koti la mvua linalozuia upepo pia. Kofia ya kufunika masikio na glovu, ndiyo, glovu, hata za bustani zenye mpira zinafaa kwa kushika nyaya. Fulana ya pili kavu ndani ya mfuko wa plastiki, unabadilisha Knorrhütte. Miwani ya jua na mafuta ya jua, na asitokee mtu kusema sisi weusi hatuungui. Mnaungua, tena kwenye mawe meupe na mabaki ya theluji mnaungua hadi puani.

Viatu ni vya soli ngumu yenye meno, na viwe vimeshatembelewa. Kiatu kipya cha dukani usikizindue siku hiyo.


Bint_Tanga

Mzee nimekusoma, asante sana. Gauni nimeliacha.


Mwl_Historia

Naomba nichomekee kidogo. Mnajua kwamba zamani Zugspitze haukuwa mlima mrefu kuliko yote "Ujerumani"? Enzi za koloni vitabu vyao vilitaja Kilimanjaro. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, huyu wa pili ni Mwaustria, walifika juu Oktoba 1889, wakakibatiza kilele cha Kibo Kaiser-Wilhelm-Spitze, na watoto wa shule Berlin wakafundishwa kwamba huo ndio mlima wao mrefu. Koloni lilipoondoka ikabidi warudi kwenye hizi mita 2,962. Kwa hiyo MtuWaMarangu, wewe kupanda Zugspitze ni kama kwenda kuwatembelea waliobaki na mdogo wake.


MtuWaMarangu

Hahaha Mwalimu! Na anayetajwa kuwa ndiye aliyewaonyesha njia, mzee Lauwo, alikuwa mtu wa kwetu Marangu. Nitaongea na kilele kwa Kichaga nikifika.

Turudi kwenye mada.


Mwl_Historia

Ruksa.


Kijana_wa_Baiskeli

Wakuu, pale mwanzo hadi Bockhütte ni barabara ya msituni, si mngeenda kwa baiskeli? Mnaokoa zaidi ya saa nzima na miguu.


FundiSaa_Zürich

Wenyeji wanafanya. Lakini wao wanarudi kwa njia ileile. Nyie mnashuka kwa treni upande mwingine, baiskeli inabaki bondeni peke yake, na kesho unatakiwa uirudie kwa miguu.


Kijana_wa_Baiskeli

Dah. Nimekaa chini.


Asha_wa_Ulm

Maji. Hakuna aliyesema maji! Bondeni mto uko pembeni yenu muda wote, mtu anaweza kujisahau.


MtuWaMarangu

Asha_wa_Ulm umeshika penyewe. Mlima huu ni wa chokaa. Kule juu kwenye Platt mvua na theluji inayoyeyuka haikai juu, inazama kwenye nyufa za mwamba, inapita chini kwa chini na kutokea bondeni kwa kishindo kwenye chemchemi ya Partnach, juu kidogo ya Reintalangerhütte. Ndiyo maana bonde lote linaimba maji na kule juu ni mawe makavu tu yanayorudisha jua usoni. Baada ya Knorrhütte usitegemee kijito. Kila mtu aondoke pale na lita mbili kamili, hata kama zinamvunja mgongo.

Chakula: usiku ule tule kitu kabla ya kutoka, halafu njiani karanga, tende, mkate, ndizi. Knorrhütte tutakunywa supu. Supu yao ya dengu na kipande cha mkate ukiifikia saa nne asubuhi na mwili umelowa utaiandikia barua nyumbani. Kaiserschmarrn tuiache, ile chapati nzito ya mayai iliyokatwakatwa inataka usingizi baada yake.


Asha_wa_Ulm

Na mwendo? Sisi wengine tukianza na vijana tunaachwa dakika ya kumi.


Mzee_wa_Innsbruck

Anayetembea taratibu kuliko wote anakwenda wa pili kwenye mstari, nyuma ya kiongozi. Siyo wa mwisho. Akiwa wa mwisho kila mnapomsubiri nyie mmepumzika, yeye anafika mnaondoka, hapumziki siku nzima. Kiongozi anakwenda kwa mwendo ambao huyo wa pili anaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Lile "pole pole" la Kilimanjaro ni la kuogopa kichwa cha mwinuko, mnasimama sana. Huku ni mwendo mdogo usiosimama. Dakika kumi na tano za kwanza mtaona kama mnachezea muda. Saa ya sita mtashukuru.


Nyota_ya_Goma

Jambo la karatasi: mko mpakani. Kileleni upande mmoja ni Austria, na hali ikiharibika mnaweza kulazimika kushukia Ehrwald kwa gari la kebo la Tyrol. Ujerumani inakagua kwenye mipaka yake ya nchi kavu, kwa hiyo pasipoti na kibali cha kuishi viwe kwenye begi, ndani ya plastiki. Picha kwenye simu peke yake isikufariji.


MtuWaMarangu

Imeingia. Na umenikumbusha kitu cha maana: huo upande wa Tyrol ndio mpango wetu wa pili. Kama wiki ya safari theluji bado imelala Reintal chini ya Knorrhütte, au kama tuko wachache na wengine miguu haijawa tayari, tunaanzia Ehrwalder Alm, mita 1,502, unafika hapo kwa gari la kebo, unapita Gatterl, unaungana na njia yetu Knorrhütte. Unapunguza karibu mita 800 za kupanda, na sehemu nzuri ya juu inabaki yote. Hasara ni moja, kebo haianzi usiku, kwa hiyo tunaingia mlimani tumechelewa na radi inatukuta juu. Siku hiyo kilele kitakuwa cha bahati.


Msee_wa_Ngong

Boss, na nani anaamua tunaenda ama hatuendi? Manake asubuhi ya siku yenyewe watu wakishalipa hoteli kila mtu anaona jua hata kama kunanyesha.


MtuWaMarangu

Swali zuri kuliko yote, na nilikuwa nalikwepa.

Naamua Alhamisi saa mbili usiku, kwa utabiri wa milimani wa Alpenverein na ule wa idara ya hali ya hewa, DWD. Vyote viwili viseme Jumamosi ni kavu hadi saa tisa alasiri. Kimoja kikitaja radi kabla ya saa nane, hatuendi, tunahamia wikendi inayofuata. Chumba nitachukua kile kinachofutika bila faini. Baada ya Alhamisi hakuna kura, hakuna "tujaribu tu tuone". Njiani mwenye kauli ya kugeuza kundi ni Mzee_wa_Innsbruck, amekubali kuja, nimemwomba faragha. Mzee akisema tunageuka, hata mimi mwenye uzi nageuka.

Mageti nayasogeza kulingana na saa tisa usiku: Knorrhütte saa nne na nusu asubuhi, stesheni ya juu saa sita na nusu mchana. Aliyeko nyuma ya hapo ana treni, na treni si aibu. Kileleni tukikuta foleni ya watalii wa kebo kwenye ile ngazi ya kwenda msalabani na mawingu yameanza kupanda, msalaba tunaupigia picha kutoka barazani.

Kabla ya hapo kuna jaribio. Wiki mbili kabla tunapanda Alpspitze au Kramer, hapohapo Garmisch, kwa begi lilelile na viatu vilevile. Anayekuja Zugspitze lazima awe amekuja hiyo. Alpspitze tukiiendea ni kwa njia ya kawaida ya mashariki, siyo ile ya nyaya.


Mzee_wa_Innsbruck

Kramer kwanza. Alpspitze inataka watu nilioshawaona wakishuka.


MtuWaMarangu

Basi Kramer. Nafasi ziko sita, nne zimeshachukuliwa. Anayetaka aje faragha aniandikie kiatu chake ni cha lini na mara ya mwisho alipanda wapi.


Bint_Tanga

Nipo. Viatu vina mwaka, vimezoea. Nakosa fimbo tu, kuna mwenye za ziada?


Asha_wa_Ulm

Ninazo jozi mbili. Moja ina kitasa kinacholegea, nitaifunga na gundi ya nailoni. Nami nihesabiwe, nafasi ya sita ni yangu.


Msee_wa_Ngong

Aii, nimechelewa kwa dakika mbili! Nitakuja ile ya Kramer hata kama sina nafasi. Mtu akitoka naingia.